Siku Nilipomvalisha Mke Wangu kwa Kompyuta

Mtu akifa, kitambulisho chake kinarudi kwa serikali. Hilo sikulijua mpaka siku nilipoenda kuandikisha kifo cha mke wangu pale Machakos mjini, karani akanyoosha mkono akasema, "Na ID ya marehemu." Nikampa. Akaiweka kwa droo juu ya nyingine, droo ikafungwa, nikatoka nje. Nilikuwa nimekaribia stendi, nimeshanunua hata ndizi ya kula njiani, ndipo nikafahamu kwamba picha pekee ya uso wa mke wangu nimeiacha ndani ya ile droo.

Nilirudi mbio, vile mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia. Karani alikuwa mtu mzuri, akanipa hata kiti. Lakini akaniambia sheria ndiyo hiyo, baba, kadi ikishaingia haitoki. Basi nikakaa kwa kile kiti nikamaliza ndizi yangu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Utaniuliza, kwani picha nyingine hazikuwako? Ilikuwako moja ya kanisani. Akina mama wamejipanga mbele ya mlango wa kanisa, na mke wangu amesimama nyuma ya mama mmoja aliyevaa kofia pana kama sinia. Unaona sikio lake, bega, na jicho moja. Jicho lenyewe limefumba. Hakupenda kamera. Mpiga picha akija sokoni alikuwa anamwambia, "Pita, mimi niko na kazi." Na kweli alikuwa na kazi kila saa, maana alikuwa msukaji wa viondo, vile vikapu vya katani, na kusuka kwake hakukuwa na wakati maalum. Akiongea anasokota nyuzi za katani kwa paja. Akitembea anasuka. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, ungeona mkono unaanza kutafuta kamba ndani ya mfuko, na mimi namgusa na kiwiko, na yeye ananigusa na chake kwa nguvu zaidi.

Alikufa miaka ya tisini ikiishia. Mwanzoni sikuwa na shida, maana uso wake nilikuwa nao kichwani, na nilidhani kichwa ni mahali salama. Lakini miaka ilipoanza kupita, nilipoteza pua. Nakuambia ukweli. Nilikuwa nimekaa Kyumbi na machungwa yangu, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara kubwa, na nikajaribu kumwona, kama kawaida yangu wakati biashara imelala. Macho yakaja, kidevu kikaja, na katikati hakuna kitu. Nikajaribu tena jioni, hakuna. Mtu anaweza kukumbuka sauti, akakumbuka harufu ya sweta na vile mlango ulivyolia yeye akiufunga, na asikumbuke pua. Nikaanza kutazama wanawake waliokaa kwa madirisha ya mabasi, natafuta pua inayofanana. Wengine walidhani nataka kuwauzia machungwa. Wengine walidhani nataka mambo mengine, wakafunga dirisha.

Nilichoogopa ni hiki: siku moja nitaamka nimepoteza na macho, na baadaye kidevu, na nitakuwa mtu aliyeishi na mwanamke maisha yake yote na hawezi kukuambia alifanana na nani.

Sikumwambia mtu. Nilikuja kumwambia binti yangu kwa sababu alinipata nikilia, na nikaona afadhali kusema ukweli kuliko kusingizia moshi, na wao hawana moshi, wanapikia gesi. Alikuwa ameolewa Syokimau. Siku hizo Syokimau haikuwa hii ya leo. Nyumba moja imemalizika, tatu ziko bila paa, na katikati ni udongo mweusi unaonyonya viatu mvua ikinyesha. Mumewe, mkwe wangu, ni mtu wa Kithimani, huko Yatta, kijana mpole mwenye mabega ya kuinama kidogo kwa sababu ya kazi yake. Na kazi yake ni hii: kutengeneza watu. Watu wa televisheni, wale wanaotembea na si watu. Ukiona kwa tangazo mama wa katuni anaosha sahani anaimba, ujue kuna mtu mahali amekaa akimchagulia rangi ya aproni.

Sikuwa nimeielewa hiyo kazi. Wakati binti yangu alipoolewa, ndugu zangu waliniuliza mkwe anafanya nini, nikasema anatengeneza kompyuta, na hapo nikaishia.

Binti yangu ndiye aliyesema. Tulikuwa mezani, Jumapili baada ya kanisa, tunakula isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa vile mama yake alivyokuwa anayapika, bila kuharakishwa.

"Si wewe hutengeneza watu?" akamwambia mumewe. "Tengenezea Baba mama."

Mkwe wangu akaacha kutafuna. "Bila picha?"

"Tuko na mdomo. Tutakuambia."

"Nilimjua mama kidogo tu," akasema.

"Kidogo! Ulikuwa ukimwona kwa mbali unapitia shambani."

"Ni heshima."

"Heshima gani, ulikuwa ukiruka hadi ua."

Tukacheka sote, na baada ya chakula akawasha kompyuta. Ilikuwa kitu kikubwa, kisogo chake kimejaza meza. Akabonyeza, tukangoja, akabonyeza tena, na akatokea mwanamke.

Woi! Huyo mwanamke! Mweupe kama unga, kiuno unaweza kukishika kwa mkono mmoja, upara kama yai, na amevaa kigauni chekundu ambacho hata kwa mtoto kingekuwa kifupi. Amenyoosha mikono kwa upande kama kitu cha kutishia ndege shambani.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si mtu bado, Baba. Ndio tunaanzia hapa. Nywele ni za kuvaa, kama kofia. Rangi tunaweka. Uso unafinyangwa."

Akanionyesha vigurudumu vilivyochorwa pembeni, vingi, kila kimoja na jina lake la Kiingereza. Akizungusha hiki, paji linapanda. Akizungusha kile, midomo inajaa. Ngozi yenyewe ilikuwa imewekwa mahali pengine, imetandazwa, uso na mikono na miguu vyote bapa, kama ngozi ya mbuzi uliyoichuna ukaipigilia vigingi ikauke juani. Unapaka rangi pale kwa ile bapa, na kwa mwanamke inaonekana. Akatafuta kahawia. Zilikuwa nyingi. Nikasema hiyo ni ya chai yenye maziwa mengi, ongeza majani. Akaongeza majani mpaka ikafika.

Halafu tukaja kwa pua.

"Ilikuwa namna gani, Baba?"

Hapo ndipo palikuwa na shimo langu. Nikasema, "Weka yoyote."

Akaweka. Nikasema sio hiyo. Akaipanua. Nikasema sio hiyo. Akaishusha, akaipa nundu, nikasema nundu ndiyo, lakini sio hapo, ni juu zaidi, na ni ndogo, unaiona tu akigeuka. Nikajisikia nikisema hayo maneno, na nikashangaa yametoka wapi. Nilikuwa sijui pua ilivyokuwa, lakini nilijua ambavyo haikuwa. Kila alipokosea, mimi niliiona ile ya kweli ikipita kwa mlango, haraka, kama mtu anayepita na ndoo.

Binti yangu akaingilia kati. "Mama hakuwa na nundu."

"Alikuwa nayo."

"Baba, mimi nilibebwa na yeye! Pua yake ilikuwa pana, na matundu makubwa."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Baadaye nikaelewa. Yeye alimtazama mama yake kutoka chini, mtoto mgongoni au miguuni, kwa hivyo alikuwa na matundu na kidevu. Mimi nilimtazama kutoka pembeni, kwa sababu tulikaa upande mmoja wa moto. Mkwe wangu akachukua matundu ya binti na nundu yangu akaviunganisha, na sote wawili tukaacha kubishana.

Nikamwambia aweke na alama ya mkanda. Akaniuliza alama gani. Huyu mkwe wangu ni Mkamba, lakini amezaliwa wakati wa mikokoteni. Mke wangu alibeba kuni na maji mgongoni, na mkanda wa mzigo ukapita juu ya paji la uso, tangu akiwa msichana. Ukimtoa kitambaa cha kichwa unaona pale mkanda ulipozoea kupita, mfereji mdogo wa kulala, kama njia ya mbuzi kwenye nyasi. Kati ya vile vigurudumu vyote hakikuwako cha mkanda. Wenye kutengeneza ile programu hawakufikiria mtu atabeba kuni kwa paji la uso. Akauchora kwa ile ngozi bapa, kivuli chembamba, akausukuma ndani kidogo. Nikasogeza kiti.

Kwa kweli alikuwa ameanza kuwa yeye.

Na hapo ndipo kazi ikasimama.

Gauni lake la buluu, lile lenye maua madogo meupe na kola ya duara, binti yangu alikuwa ameliweka kwa sanduku. Mkwe wangu alilipiga picha, picha ikaingia kwa kompyuta ikawa kitambaa, na akatengeneza nalo gauni, zuri kabisa, linangoja. Kilichobaki ni kulivisha. Nikaona mkono wake uko juu ya mauso, kile kipanya cha kompyuta, na haubonyezi.

"Si utoe hiyo nyekundu uweke yetu," binti akamwambia.

"Nikiitoa," akasema polepole, "chini hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani?"

"Hakuna nguo. Ni mwili tu. Ndivyo hawa wako."

Binti yangu akacheka. "Kwani kazini unawatoaga nini kila siku?"

"Wale si watu."

"Na huyu?"

Akautazama ule uso, halafu akatazama zulia. "Huyu amekuwa mama."

Hatukucheka tena. Sijui kwenu ni vipi, lakini kwetu kuna kitu tunaita nthoni, ile heshima ya aibu kati ya mwanamume na mama ya mke wake. Zamani wakikutana njiani mmoja aliingia msituni. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mzaha. Leo imepungua, nimeona mkwe na mama mkwe wanakaa kochi moja wakitazama habari. Lakini huyu alilelewa na nyanya yake huko Yatta, na nyanya haleti mchezo. Angeweza kumtoa nguo malkia wa nchi yoyote kwa ile kompyuta. Huyu, hapana.

"Basi inuka nitoe mimi," binti yangu akasema. Akakaa, akashika mauso, akamwangalia yule mama kwa skrini. Akaachilia. "Baba, hata mimi siwezi. Ni mama."

Yaani katika nyumba nzima, mtu mwenye ruhusa nikabaki mimi, na mimi ndiye sikuwa nimewahi kugusa kompyuta.

Tukapanga hivi. Mkwe wangu akatoka, akakaa kibarazani chini ya dirisha, pazia likafungwa. Binti yangu akasimama katikati ya chumba akitazama ukuta, wa kupitisha maneno. Mimi nikakalia kiti.

"Mwambie ashike mauso!" mkwe wangu akaita kutoka nje.

"Nimeshika," nikasema. "Imejaa jasho la mkono wako."

"Gusa gauni jekundu mara moja!"

Nikagusa. Mke wangu akakimbia. Akaenda mbali, mbali kabisa, akawa kama sisimizi katikati ya uwanja wa kijivu.

"Ameenda!"

"Ameenda wapi?" binti akauliza ukuta.

"Mzee, umezungusha kile kigurudumu cha katikati ya mauso. Zungusha kinyume!"

Nikazungusha kinyume, akaja mbio mpaka nikaona jino moja limejaza skrini. Tulikaa hapo kwa muda. Mimi shule nilienda mpaka nikajua herufi, kisha nikaenda kuchunga, kwa hivyo nasoma, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kila neno kwa ile kompyuta lilikuwa jiwe la kuteleza. Mwishowe nikagusa panapostahili, na gauni jekundu likatoweka.

Wacha niseme ukweli wa nilichoona. Haukuwa mwili wake. Uso ulikuwa wake, na mkanda wake kwenye paji, na chini ya shingo alikuwa msichana nisiyemjua. Tumbo halijazaa. Paja halina ile sehemu ngumu, nyororo, iliyosuguliwa na katani. Bega halina kovu la panga. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya watu. Nikasema, "Nimetoa, niambie upesi pa kubonyeza," na sauti yangu ikawa kali, na kutoka kibarazani akaniambia upesi.

Gauni la buluu likaja. Likamkaa. Lakini ngozi ikawa inatokeza nje ya kitambaa mahali pamoja, kiraka cha kahawia katikati ya maua.

"Ngozi inatoboa nguo," nikasema.

"Hiyo hutokea! Inatoboa wapi?"

Sasa hapo. Ilikuwa ni paja. Na mimi siwezi kupaza sauti, mchana, majirani wanapita, nimwambie mwanamume paja la mama mkwe wake liko nje. Nikasema, "Upande wa chini."

"Basi refusha gauni, Mzee!"

Akanielekeza nikarefusha. Likafika miguuni. Kiraka bado kiko pale pale.

"Bado."

"Refusha tena!"

Likaenea sakafuni kama joho la askofu. Kiraka bado.

"Baba, si useme tu ni wapi," binti akauambia ukuta.

"Sema wewe."

"Mimi sioni, na sitasema!"

Nikafikiri. Halafu nikaita, "Ni pale kamba inaposokotewa."

Kila mtu aliyelelewa Ukambani anajua kamba inasokotewa wapi. Kibarazani mkwe wangu akakohoa. Akakohoa tena. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi, "Sawa. Rudisha urefu. Kuna mahali pa kupanua kitambaa katikati."

Tukapanua. Kiraka kikaingia ndani. Tukamwekea sweta ya kijani, kitambaa cha kichwa cheupe, nikakisukuma juu kidogo ili mkanda uonekane, na tukamshusha ile mikono.

Lakini alikuwa ananitazama moja kwa moja, macho kwa macho, kama mtu wa benki. Kila kitu kilikuwa chake na hakuwa yeye. Nikauliza kama kichwa kinageuka. Kinageuka. Nikakizungusha pole pole upande wa kushoto, kidogo, nikakiinamisha, halafu nikarudisha macho yaje kwangu kwa pembe. Nikaondoa mkono.

Ndivyo alivyokuwa ananitazama nikianza hadithi zangu. Yaani: endelea, nasikia, na siamini.

Binti yangu akageuka kutoka ukutani. Akaketi chini kwa zulia, akaweka kichwa kwa goti langu. Mkwe wangu akauliza kutoka nje, "Amevaa?" Tukamwambia amevaa. Akaingia akiwa ameinamisha macho, akahifadhi ile picha kwa kompyuta bila kuitazama, kama vile fundi anavyochomelea akigeuza uso, na ile wiki akaitoa ofisini kwao kwa karatasi nzito.

Niliitundika nyumbani Machakos. Ngozi inang'aa kidogo, kama mtu aliyepakwa mafuta ya gari, na vidole havijakaa vizuri. Wageni walisema, ndiye, ndiye kabisa, lakini wageni ukiwapa chai watasema chochote. Mtu niliyemwogopa ni mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, maana walitoka tumbo moja, na ulimi wake hauna breki. Nilifikiri, huyu akisema siye, basi nitakuwa nimejitengenezea mwanamke wa uongo na kumtundika kwa ukuta, na yule wa kweli atazidi kwenda.

Alikuja. Akasimama mbele ya picha na mkoba wake mkononi, bila hata kuketi. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Huyu si dada yangu," akasema.

Nikatazama chini.

"Pua hapana. Mikono, hapana kabisa, huyu hajawahi kushika jembe." Akainamisha kichwa. "Lakini hivyo ndivyo alivyokuwa anakutazama. Ulikuwa umemdanganya nini?"

Nikamwambia sikumdanganya. Nilikuwa nimerudi kutoka uwanda wa Athi na gunia la machungwa nusu, na yeye amekaa mlangoni anasuka, akaniuliza mengine yako wapi. Nikamwambia lori lilisimama, dereva akaenda kichakani, na twiga akaja akaingiza kichwa nyuma ya lori akaanza kula. Na ilikuwa kweli! Twiga alikuwako, alikuwa na kope ndefu, na alinuka kama nyasi iliyolowa. Yeye akashika uzi kwa meno, akanigeuzia kichwa kidogo, akasema kwa upande wa mdomo, "Na hakuomba chumvi?"

Shemeji akaanza kucheka, akalazimika kuketi. Na mimi, katikati ya kueleza, nikamwona: uzi kwa meno, nundu ya pua, jasho chini ya kitambaa, kovu la bega likichungulia kwa kola, vyote, vimetulia mlangoni, na nilikuwa nimeipa ile picha mgongo.

"Halafu twiga akafanya nini?" shemeji akauliza.

Nikavuta kiti changu karibu, nikamwambia.